Kuomba usimamizi wa mali za mzazi aliyepoteza uwezo wa kuamua (England na Wales)

Benki ikishajua mama yako hawezi tena kuamua mambo ya pesa, usishangae ikizuia akaunti na kukuambia ulete karatasi ya mahakama. Kuwa kifungua mimba wake hakukupi mamlaka yoyote.

Kabla ya kugusa fomu, pekua makabati. Kama alipokuwa mzima alisaini lasting power of attorney ya mambo ya fedha (hati ya kumpa mtu mamlaka ya kumwamulia akipoteza uwezo), huna haja ya kwenda mahakamani. Kama anaishi kwa posho za serikali tu, hana akiba wala nyumba, omba DWP (wizara ya kazi na pensheni) wakufanye appointee, yaani mtu wa kumpokelea na kumsimamizia posho hizo, hulipi kitu. Ukikosa yote mawili, njia ni Court of Protection, mahakama inayoteua msimamizi (deputy) wa mtu asiyeweza kuamua, chini ya Mental Capacity Act, sheria ya uwezo wa kuamua ya 2005. Walio Scotland wana sheria yao ya 2000.

Fomu ya COP1 ndiyo ombi lenyewe, COP1A inaorodhesha mali na madeni ya mama, COP4 inakuchunguza wewe, pamoja na madeni yako. Hizo utazimudu jioni moja.

Inayokula muda na pesa ni COP3, fomu ya kupima uwezo wake wa kuamua. Mwombaji anajaza sehemu ya kwanza, mtaalamu sehemu ya pili. Daktari wa mama aliikalia, akatutoza, mwisho akaandika eti "ana ugonjwa wa kusahau". Basi! Tulirudi mwanzo, kwa sababu sheria inamhesabu kila mtu mzima kuwa ana uwezo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na jina la ugonjwa peke yake halithibitishi kitu. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo ya 2005 kinauliza mambo manne kuhusu uamuzi mahususi: je, anaelewa anachoelezwa? Anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kupima faida na hasara? Anaweza kutujulisha alichoamua, kwa njia yoyote ile? Kushindwa moja kunatosha, ila lazima chanzo kiwe hitilafu ya akili au ubongo. Kuamua vibaya hakuhesabiki. Wazima tunafanya hivyo kila siku.

Kwa hiyo katika sehemu yako taja maamuzi yenyewe: kuuza nyumba, kulipia makao ya wazee. Mtaalamu si lazima awe daktari. Muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii mwenye ujuzi huo anakubalika. Uliza bei mapema.

Mama mwenyewe lazima ajulishwe, hata ukiamini hataelewa. Wajulishe pia angalau watu watatu wa karibu naye, na wapewe siku 14 za kujibu. Hapo ndipo shangazi asiyepiga simu hata Krismasi atakapokuwa na maswali.

Usimamizi wa afya na ustawi mahakama huutoa kwa nadra, kwa hiyo omba wa mali na fedha. Ukikubaliwa, kwa kawaida utakata dhamana ya bima, inayolipwa kwa pesa za mama, na kila mwaka utapeleka ripoti Office of the Public Guardian, ofisi inayowakagua wasimamizi. Tunza risiti zote, hata za soksi.