T3 imeshuka na mgonjwa ana maradhi ya muda mrefu: isome hivi kabla ya kununua vidonge

Shangazi yangu wa Umoja ana baridi yabisi miaka mingi. Mwezi jana alilazwa kwa nimonia, akatoka na karatasi ya maabara yenye T3, homoni ya tezi ya shingo, ya chini. Mtu wa duka la dawa akamwambia tezi imekufa. Mimi ni mtu wa maabara hapa Nairobi, kwa hiyo tulikaa na karatasi ile jioni nzima.

Hatua ya 1. Panga majibu yote kwa tarehe.

Hatua ya 2. Anza na TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ya shingo. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4.0. Yake ilikuwa 1.8.

Hatua ya 3. Soma T3 ukijua siku hiyo mwili ulikuwa unapigana na nini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilirudia kipimo cha namna hii mara tatu nikidhani mashine imeharibika, kumbe jibu lilikuwa sahihi.

Tezi hutoa kwa wingi T4, homoni yenye nguvu ndogo. T3 yenye nguvu, sehemu kubwa yake, hutengenezwa nje ya tezi: vimeng'enya huing'oa T4 atomu moja ya ayodini. Inflamesheni (mwili unapopambana na ugonjwa) ikiwaka, chembe za kinga humwaga saitokini, yaani kemikali za kupeana ishara, kama IL-6 na TNF-alfa. Hizo hupunguza kazi ya ung'oaji kwenye ini, na T4 nyingi zaidi hugeuzwa kuwa T3 ya kinyume, isiyo na kazi. Huko juu haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia utoaji wa TSH, nayo hupunguza amri, ndiyo sababu TSH haipandi ingawa T3 imeanguka. Kutokula siku kadhaa pia huishusha T3, na shangazi wodini alikuwa anakunywa uji tu.

Basi T3 ya chini, TSH ya kawaida, CRP (kipimo cha inflamesheni) ya juu: mara nyingi tezi ni nzima. Lakini angalia haya. Ugonjwa ukizidi ukali, T4 na TSH hushuka pia. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ya dozi kubwa huishusha TSH. Mgonjwa anapopata nafuu, TSH huweza kupanda kwa muda, hata ikakaribia 20. Ikipita hapo, shuku tezi yenyewe. Na mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na ugonjwa halisi wa tezi: TSH ikiwa juu na T4 chini, omba kipimo cha kingamwili za TPO, zinazoonyesha kinga inaishambulia tezi. Kipimo cha T3 ya kinyume sikipendekezi. Ni ghali, na kwa wagonjwa wa figo mara nyingi haipandi, kwa hiyo hakitakusaidia kuamua.

Hatua ya 4. Uliza kuhusu vidonge vya nywele na kucha. Bayotini, vitamini iliyomo humo, huzidanganya baadhi ya mashine: TSH inaonekana chini, T4 na T3 juu. Aviache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu.

Hatua ya 5. Rudia wiki 6 au zaidi baada ya kupona, maabara ile ile. Nashikilia sana hili. Majibu ya mashine mbili tofauti hayalinganishiki vizuri.

Hatua ya 6. Mpelekee daktari karatasi zote. Levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, isianzwe kwa sababu ya T3 peke yake, na anayeitumia tayari kwa ugonjwa uliothibitishwa asiiache. Shangazi ameahirisha vidonge, na tarehe yake ya kurudi kupimwa tumeiandika kwenye kalenda ya jikoni.