Bati la nishani za babu: namna ya kuandika orodha ya wazee wetu wa Keya

Vijana wa hapa Malindi wananiuliza sana, nikitaka kuandika wazee wa kwetu waliokua Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, na nishani walizopata nianze wapi, nami jibu langu ni lile lile, anza na bati la biskuti lililo chini ya kitanda cha bibi, hadithi utazisikiliza baadae. Hadithi kila ikisimuliwa inaongezewa chumvi, nishani haiongezeki.

Ukifika nyumbani kwa watu toa shikamoo, kaa, kunywa chai, halafu mwambie bibi mapema kabisa kwamba hujaja kununua, maana kuna watu hupita wakinunua nishani kwa bei ya kutupa na wenyeji washachoka nao. Akikufungulia bati piga picha mbele, nyuma, utepe na ukingo. Na tafadhali msizisugue! Nshakuta nishani imeng'arishwa kwa ndimu na majivu miaka na miaka mpaka herufi za ukingoni zimelika, na zile herufi ndo kila kitu.

Ukingo ndo unasema ni ya nani. Nishani za Vita vya Kwanza zimechongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi, kwa hivo inamisha simu mwanga uje kwa ubavu utasoma. Za Vita vya Pili ni shida, zile nyota za pembe sita walizopewa Keya zilitoka bila jina, kwa hivo nyota peke yake haithibitishi kitu, lazima upate cheti cha kuachishwa jeshi au karatasi nyengine yenye namba yake. Ila usichanganye na namba ya kipande, kile walichovaa shingoni enzi za mkoloni, hiyo si namba ya jeshi, mimi mwenyewe nliikosea nikatafuta wiki mbili bure.

Sasa hapa ndo watu hununa. Nyota si ushujaa, nyota maana yake alikuweko. Burma Star alipewa aliefika Bama kupigana na Wajapani, Africa Star ilikua ya Afrika ya kaskazini lakini waliopigana na Mtaliano Somalia na Uhabeshi pia waliipata, na War Medal 1939-1945 ni siku 28 tu za utumishi. Ushujaa kwa askari wa kawaida ni DCM (Distinguished Conduct Medal) au Military Medal, na ukiona jani dogo la shaba kwenye utepe wa War Medal, huyo alitajwa kwenye ripoti ya jemadari. Ziandike kwenye safu mbili, utumishi kando, ushujaa kando, hata mjukuu akikasirika.

Mtego mkubwa wa huku kwetu ni majina. Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake, kwa hivo Kazungu Charo anamzaa Charo Kazungu, nae anamzaa Kazungu Charo, na bati moja likawa na nishani za watu wawili! Niliwahi kukuta ya 1914-18 na Africa General Service Medal yenye kibati cha KENYA juu ya utepe wake, zote pamoja, nyumba nzima inaapa ni za mzee mmoja. Kibati kile walipewa waliotumikia upande wa Mwingereza wakati wa hali ya hatari ya Kenya iloanza 1952. Hesabu miaka, haiwezekani, ni babu na mjukuu. Hio ya pili familia nyingi huificha kwa sababu ya Maumau, we andika tu, usihukumu. Na ukikuta ya Vita vya Kwanza nyumba ya Mgiriama uliza mara mbili aliingiaje, kwa sababu 1914 Wagiriama ndo walikataa kutoa vijana wao na Keya hao hao wakaletwa kuwapiga.

Kwenye intaneti London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, haina malipo, nishani za ushujaa zilitangazwa humo, na hifadhi ya taifa ya Uingereza ina faili za WO 373 zenye mapendekezo ya nishani, kutafuta ni bure. Jaribu kila tahajia, Mohamed, Mahomed, Muhamadi, pamoja na bin na bila bin, karani Mzungu aliandika alivosikia. Waliofariki watafute kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, utawakuta hata wale wa meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikazamishwa Februari 1944.

Tarehe weka mbili, ya tendo na ya gazeti. Sajini Nigel Leakey wa Keya alipata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, kwa alichofanya Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, lakini gazetini imetoka Novemba 1945, na alikua ashakufa. Ukiweka tarehe moja tu utamfanya mtu apigane vita vilokwisha.

Mwisho safu ya uhakika: nimeona hati, nimeona nishani tu, nimesikia. Ya tatu usiifute, iache vivo hivo na jina la ukoo uliokwambia. Ukimaliza printi ukurasa wa mzee huyo, ukunje, uutie ndani ya bati chini ya nishani, umrudishie bibi bati lake.