Blanketi la kichanga kwa mabaki ya nyuzi: anzia konani

Anayefuma sweta za shule hakosi mfuko wa mabaki. Wangu unaning'inia nyuma ya mlango, hapa Njombe, umejaa bluu, kijani na damu ya mzee. Shida ya mabaki si rangi, ni kwamba hujui yatakufikisha wapi. Blanketi langu la kwanza nililianza kwa upana wa vitanzi 130, uzi ukaniishia robo ikiwa bado, nikabaki na kitu ambacho si blanketi wala si skafu. Tangu hapo naanzia kwenye kona, napanua mpaka katikati kisha napunguza hadi kona ya pili, na mizani ndiyo inayoniambia wapi pa kugeuzia.

1. Chambua nyuzi

Toa zote zinazonyonyoka manyoya, maana kichanga hupeleka vidole mdomoni. Usichanganye sufu na akriliki: ukifua kwa maji ya moto, sufu inarudi na akriliki inabaki vilevile, blanketi linakunjamana. Kama lebo ilishapotea, shika kipande kwa koleo ukichome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, akriliki inayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.

Nyuzi za rangi nzito zilowanishe, uzikandamize ndani ya kitambaa cheupe. Ikiacha alama, hiyo haikai na nyeupe. Damu ya mzee ndiyo msumbufu mkubwa.

Mabaki hayatoshi? Nenda mitumbani, ila kabla ya kulipa geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, uzi wake utakuwa unakatika kila mstari. Kingo zikiwa zimefumwa mpaka mwisho, hilo litafumuka lote. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uuloweke, kisha uutundike mpaka ukauke. Utanyooka.

2. Pima

Nyuzi ziwe na unene unaolingana. Iliyo nyembamba ishike mbili kwa pamoja ufume kama uzi mmoja. Kisha peleka mfuko kwa mangi wa dukani akupimie. Blanketi la sentimita 75 kila upande, kwa uzi wa sweta wa kawaida na sindano za milimita 5, mimi hunilia kama gramu 350. Gawa mafungu mawili yenye uzito sawa: moja la kupanua, jingine la kupunguza. Vibonge vidogo kabisa viweke vya kuanzia na kumalizia, kwa sababu konani mistari ni mifupi. Mabonge makubwa yakae katikati.

3. Panua

Anzisha vitanzi 4, fuma mstari mmoja wa kawaida. Kuanzia hapo kila mstari ni huohuo, kwenda na kurudi: fuma vitanzi 2, zungushia uzi juu ya sindano mara moja, fuma vilivyobaki. Kila mstari unaongeza kitanzi kimoja na kuacha kitobo pembeni. Hivyo vitobo ndivyo pambo la ukingo, usiviogope.

Badilisha rangi mwanzoni mwa mstari, si katikati. Ukiwa na wasiwasi kama uzi uliobaki utamaliza mstari, utandaze juu ya kazi: ukifika mara nne ya upana, utatosha.

Vitanzi vikikaribia 180 sindano fupi hazivibebi, kwa hiyo tafuta zile mbili zilizounganishwa kwa waya.

4. Punguza

Fungu la kwanza likiisha, hata kama upana si ule uliotarajia, geuza hapohapo. Kila mstari sasa: fuma 1, fuma viwili kwa pamoja, zungushia uzi, fuma viwili kwa pamoja tena, malizia vilivyobaki. Watu wengi husahau ule uzi wa kuzungushia. Ukisahau, vitobo vinakatika na upande mmoja unavuta. Hesabu vitanzi kila baada ya mistari 10, ni afadhali kuliko kufumua jioni nzima.

Vikibaki 4, funga.

5. Ficha ncha

Hapa usiwe mvivu. Kila ncha iwe na sentimita 15, ipitishe ndani ya ufumaji kwenda upande mmoja, kisha irudi upande wa pili. Ncha iliyoachwa inaning'inia inaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaza. Nikimaliza hutembeza kidole changu kidogo ukingo mzima. Kikinasa mahali, narudia.

Fua kwa maji ya uvuguvugu, kandamiza ndani ya taulo bila kukamua, tandaza mkekani. Ukilianika kambani likiwa limelowa, litarefuka kama kanga.

Ni la kumfunikia mtoto akiwa mgongoni au mikononi, baridi ya Juni ikishuka. Akilala peke yake kabla ya kutimiza mwaka, litoe kitandani, lisije likamfunika uso.