P0301 haisemi "nunua koili"

Juzi aliingia gerejini kwangu hapa Malindi kijana wa Probox anayepakia abiria wa Gongoni. Taa ya injini inawaka, gari linatetemeka likisimama, na kwenye kiti cha mbele ana boksi tupu la koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. "Fundi, niliambiwa koili, nikanunua koili, na gari inamisi vilevile." Mashine yangu ya kusomea makosa ya injini ikasoma namba P0301.

Namba hiyo inasema silinda ya kwanza haichomi mafuta inavyopasa, basi. Kwa nini haichomi, hilo ni la kutafutwa. (Mimi husema namba. Nikisema kodi, kwa Kiingereza "code", wateja wengine hudhani nimetumwa na serikali.)

Anza hivi. Tafuta tundu la pini 16 chini ya dashibodi, karibu na usukani, chomeka kifaa cha kusomea namba, kisha washa swichi bila kupiga stata. Hata kile kidogo cha bluetooth kinachosomwa kwa simu kinatosha. Andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini kosa lilipotokea: mizunguko, joto, mwendo. Wapo wanaochomoa taminali ya betri ili taa izime, habari yote ikapotea, halafu wanakuja kwangu nipige ramli.

Kwa P0301 usinunue kitu bado. Zima injini ipoe. Kwenye Probox, koili inashikwa na bolti moja ya spana namba 10. Ing'oe ya silinda ya kwanza, ubadilishane na ya pili. Futa namba, endesha mpaka gari limisi tena. Ikija P0302, yaani silinda ya pili, kosa limehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0301, koili haina hatia. Hamisha plagi vivyo hivyo, kisha nozeli inayopulizia petroli, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, uipime mwisho.

Kwa yule kijana ilirudi P0301. Plagi nayo haikuhamisha kitu. Ndipo nikachomoa soketi ya waya ya koili nikamulika tochi: pini moja kati ya nne imeota kutu ya kijani. Gongoni ni kwenye mashamba ya chumvi, na gari hulala huko huko likipigwa na upepo wa bahari. Swichi ikiwa imezimwa, nikapulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nikasugua kwa brashi ndogo, nikakaza pini iliyolegea. Nakiri, ningeanzia hapo ningejiokolea saa nzima. Gari la pwani, soketi kwanza.

Taa ikiwa inawaka na kuzima, badala ya kuwaka moja kwa moja, punguza mwendo utafute pa kusimama. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye kichujio cha moshi cha ekzosi, inaungulia humo, na kichujio kinaharibika kwa joto. Hicho ni ghali kuliko koili zote nne.

P0171 pia inauzia watu spea bure. Maana yake hewa imezidi kwa petroli inayoingia, na wengi hukimbilia sensa ya oksijeni, kumbe hiyo ndiyo iliyoleta habari tu. Tazama kwenye simu asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa kubwa injini ikinguruma bila kukanyagwa, na inashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, kuna mpira wa hewa uliopasuka mahali fulani baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ikipanda ukikanyaga, shuku sensa ya hewa iliyochafuka, au filta na pampu ya petroli.

Ukimaliza, futa namba, kisha endesha safari ya kweli. Kuzungusha injini hapo gerejini hakutoshi. Kijana nilimtuma hadi Mambrui na kurudi. Mashine haikusoma kitu. Akaniuliza ile koili ya zamani aitupe wapi. Nikamwambia aiweke kwenye buti, ni nzima.