Picha za ziwani: usiiamini kamera moja kwa moja

Ukipiga picha kando ya ziwa wakati wa kiangazi na watu wakatoka weusi tii, mara nyingi tatizo ni maji. Yanapometameta nyuma yao, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo hufifisha kila kitu. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtu kwenye skrini kisha telezesha kidole juu. Kwenye kamera, ongeza fidia ya mwanga (mpangilio wa kuifanya picha ing'ae au ififie zaidi) hadi +1. Anga itapauka kidogo. Mimi naona heri anga ipauke kuliko sura ipotee.

Watoto wakirushiana maji, weka kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) iwe 1/1000 ya sekunde, upate matone yakiwa yameganda hewani. Ndege na matete yanataka uchuchumae, lenzi ikaribie usawa wa maji. Kichujio cha polaraizi, yaani kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, hukata mng'ao wa maji, ila usikizungushe hadi mng'ao wote uishe, maana ziwa lisilong'aa hata kidogo huonekana kama shimo.

Kioo cha maji kitafute alfajiri, upepo haujaamka. Na futa lenzi! Mafuta ya kujikinga na jua yakiigusa, kila picha inakuwa na ukungu.