Umefunga kalipa kubwa na pedeli imekuwa ndefu? Pima kwanza kabla hujashuka mteremko wa Mwanga

Vijana wengi hapa Kigoma siku hizi wanaagiza kalipa (kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski) kubwa za mtumba kutoka Dar, zile za pistoni nne, wanafunga kwenye Subaru au Altezza, halafu gari ikitoka gereji pedeli inazama karibu nusu ndo breki ishike. Fundi anaambiwa atoe upepo, yani hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa breki, anatoa, bado, anatoa tena mpaka chupa ya pili ya fluidi (mafuta ya breki) inaisha na pedeli iko palepale. Shida ni kwamba pedeli ndefu ina sababu zaidi ya moja na kutoa upepo kunatibu moja tu.

Kwahiyo pima kwanza. Zima injini, piga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu ili busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki, iishiwe nguvu. Achia, subiri kidogo, kisha kanyaga mara moja taratibu na uone inaishia wapi. Sasa achia na upige haraka haraka mara mbili tatu. Kama inapanda juu na ina kamchezo ka kudunda mguuni, huo ni upepo. Kama inapanda ila haidundi, angalia breki za nyuma kama ni za dramu na hazijaadjastiwa, au beringi ya gurudumu ina pleyi, yani imelegea, na diski inasukuma pistoni zirudi ndani, na kwa wale wanaopiga barabara za vumbi za vijijini beringi usiidharau kabisa. Ikiwa umeikandamiza kwa nguvu inashuka polepole yenyewe, kuna sehemu inavuja au raba za masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) zimekufa, hiyo gari haitoki hapo ilipo.

Kwenye upepo, kitu cha kwanza ni kuangalia nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Nipo lazima ikae juu ya kalipa. Ukiona iko chini ujue kalipa ya kulia imefungwa kushoto, na hata utoe upepo mpaka usiku hautaisha maana hewa inabaki juu na njia ya kutokea iko chini. Zibadilishane pande basi. Pale hozi inapoingia kwenye kalipa weka washa (vipete vya kuzuia kuvuja) mpya za shaba, zile za zamani zishabonyea. Halafu anayekanyaga asiachie pedeli kabla nipo haijafungwa, na kama masta ni ya siku nyingi weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho, kwa sababu huko mwisho raba haijawahi kufika, kuna kutu na uchafu, raba ikipita hapo inachanika na umejiongezea kazi nyingine. Fluidi tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa mpya, iliyokaa wazi imeshanyonya maji. DOT 5 ni silikoni, usichanganye.

Sasa kama pedeli ni ndefu lakini imara, inaishia palepale kila ukikanyaga, upepo hamna. Hiyo ni hesabu. Kalipa mpya inataka fluidi nyingi kuliko masta yako inavyosukuma kwa hatua ileile. Chukua kipenyo cha pistoni, zidisha kwa chenyewe, ila kalipa ya pistoni pande zote mbili hesabu upande mmoja tu. Mfano ya zamani pistoni moja ya milimita 54, unapata 2916. Mpya ina mbili za 42 kila upande, 1764 mara mbili ni 3528. Yani mbele kunataka fluidi zaidi kwa asilimia 21, lazima pedeli ishuke. Faida ni kwamba nguvu ya mguu inapungua, na wengine wakizoea wanaipenda hivyo.

Usipoipenda, badili masta. Kutoka inchi 15/16 kwenda inchi 1 kamili pedeli inapungua urefu kama asilimia 12, ila mguu utasukuma zaidi kama asilimia 14, kwahiyo usirukie kubwa kabisa kwa sababu tu ipo dukani. Saizi mara nyingi imechorwa ubavuni mwa masta. Na kama hesabu inakuja chini, yani pistoni mpya ni ndogo, pedeli itakuwa fupi na ngumu kama jiwe, hapo masta kubwa itazidi kuharibu.

Pedi mpya nazo zinadanganya, zinakuwa laini mpaka zikae na diski. Tafuta kipande kitupu cha tambarare asubuhi, toka spidi 60 mpaka 20 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hivi, kisha endesha bila kugusa breki zipoe. Ukiwasha injini mguu ukiwa kwenye pedeli itashuka kidogo, hiyo busta inafanya kazi, usishtuke. Mteremko wa Mwanga kwenda stesheni uuache mpaka gari ilale usiku mmoja, asubuhi ufungue boneti uangalie fluidi haijapungua na upitishe kidole kwenye kila nipo na kila washa kuona kama pamelowa.