Sumu ya kiwandani: ushahidi wa kukusanya kabla ya kudai fidia

Usianze na wakili. Anza na vitu vinavyopotea mapema, na cha kwanza kupotea ni kile kilichomo mwilini mwako.

Benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli na baadhi ya viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia gundi, rangi au mafuta), hutoka mwilini kwa saa chache tu, kwa hiyo mkojo wa kuipima uchukuliwe zamu inapoisha. Heksani, iliyomo kwenye gundi nyingi za viatu na dawa za kufutia vioo vya simu, hupimwa kwenye mkojo wa mwisho wa zamu, tena siku ya mwisho ya wiki ya kazi. Anayesubiri likizo ndipo akapime atapewa majibu safi, na majibu hayo ndiyo mwajiri atakayoyapeleka mahakamani. Madini ya risasi hupimwa kwenye damu, ambamo hupungua kwa nusu baada ya mwezi hivi. Kadmiamu, metali ya viwanda vya betri, ina subira: hukaa kwenye figo miongo kadhaa, na mkojo bado unaweza kuionyesha hata kwa aliyeacha kazi zamani.

Kabla ya kutoa sampuli, vua nguo za kazi na unawe mikono kwa sabuni. Chembe moja ya vumbi la risasi au kadmiamu ikidondokea kwenye kichupa, kipimo kizima kitatiliwa shaka. Ukipewa majibu, neno “kawaida” halitoshi. Dai nakala yenye namba, kipimo kilichotumika, tarehe na saa ya kuchukua sampuli.

Halafu jina la sumu. “Thina” au “dawa ya kusafishia” si jina la kemikali. Tafuta kwenye lebo ya pipa namba ya utambulisho yenye mafungu matatu: benzini ni 71-43-2, heksani ni 110-54-3, trikloroetilini, kiyeyusho cha kuondolea grisi kwenye vyuma, ni 79-01-6. Jina la biashara hubadilika kila anapobadilika msambazaji, ila namba hiyo haibadiliki. Nakili pia namba ya toleo na tarehe uliyoiona. Kama simu haziruhusiwi ndani, andika kwa kalamu mara tu unapotoka.

Omba kwa maandishi karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo huwa na sehemu 16. Soma ya 3 inayotaja viambato, ya 8 inayoeleza kinga na viwango vya hewa, na ya 11 inayoeleza madhara. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi haki ya kupata taarifa hizi. Wakili akuangalizie kama nchi yako imeuridhia. Kuiba kemikali kidogo kwenye chupa ya soda ni kosa linalorudiwa mno. Ni hatari nyumbani, unaweza kushtakiwa kwa wizi, na hakuna atakayeamini kilichomo.

Daftari liandikwe kila siku, hata mistari mitatu: zamu, mashine, madumu mangapi yamemiminwa, feni ilikuwa inafanya kazi au imezimwa, glavu zilitolewa au la. Glavu za saizi ya kiume zikipwaya, kiyeyusho huingia kwa juu na kulowanisha vidole humo ndani, liandike hilo. Andika dalili na saa zake. Ganzi ya heksani huanzia vidoleni mwa miguu, mpaka kandambili inachomoka mtu hana habari. Kichwa kinachopoa siku ya mapumziko na kuuma tena siku ya kurudi kazini kinasema mengi kuliko kinachouma wiki nzima. Hedhi iliyovurugika na mimba zilizoharibika ziingie humo pia. Wengi huona haya kuzitaja mbele ya karani, na madhara hayo yanabaki nje ya madai.

Kwa wengi pamoja, chora umbo la mtu kwenye karatasi kubwa, kila mmoja atie alama panapomuuma, na rangi tofauti kwa kila idara. Si uthibitisho wa kitabibu, lakini alama zikirundikana kwa wapaka gundi tu, daktari atajua pa kuanzia.

Daktari mwambie kazi yako hata asipouliza, na uhakikishe ameiandika. Mollie Maggia, aliyepaka rangi ya radiamu (madini yenye mionzi, yaliyofanya rangi ing'ae gizani) kwenye nyuso za saa huko New Jersey, Marekani, alifariki 1922 na cheti chake kikaandikwa kaswende. Ilibidi mwili wake ufukuliwe 1927 ndipo radiamu ikakutwa kwenye mifupa.

Wenzake walikutana na ukuta mwingine: sheria ya huko ilitoa miaka 2 tu ya kushtaki, na radiamu iliumiza taratibu kuliko hapo. Wanawake 5, Grace Fryer akiwamo, walimaliza kwa suluhu mwaka 1928: dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kwa mwaka, na gharama za matibabu. Siku hizi sheria za nchi nyingi huhesabu muda tangu ulipojua kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya daktari inayosema hivyo ina thamani. Itoe nakala na uiweke nje ya nyumba yako.

Hati za mshahara, kitambulisho cha kazi na namba za simu za waliokaa meza moja nawe vihifadhiwe hata baada ya kiwanda kufungwa. Kiwanda cha vifaa vya elektroniki cha RCA, ambacho wafanyakazi wake walidai viyeyusho viliwaumiza, huko Taoyuan, Taiwan, kilifungwa 1992; wafanyakazi wake walifungua kesi 2004 na kupata hukumu ya kwanza 2015.

Siku ya kuondoka kazini utaletewa fomu ya malipo ya mwisho. Tafuta mstari unaosema huna madai mengine yoyote. Ukiuona, usitie saini hapo hapo. Omba nakala ukamwonyeshe wakili au chama cha wafanyakazi.